Tusi Lisilo na Mwenyewe: Uchambuzi wa Kisa cha Kibokoni

Kisa hiki cha tusi moja katika Star Trek, hadithi za Kimarekani za runinga na sinema juu ya mabaharia wa angani, kilitokea katika nyumba ya ghorofa mbili, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka 2020. Kafyu ya usiku ilikuwa imeanza tangu mwishoni mwa Machi, misikiti ilikuwa imefungwa na tarawehe tulikuwa tukiisali majumbani, na tarehe 6 Mei serikali ikatangaza kwamba hakuna atakayeingia wala kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa nimepanga ghorofa ya juu. Chini aliishi mzee mmoja aliyestaafu kazi ya tagi, chombo cha kuvuta meli, katika bandari ya Kilindini, pamoja na binti yake na mjukuu wake wa kike wa miaka 12. Kwa kuwa milango ya nje ilifungwa, milango ya ndani ilifunguka, na baada ya futari na sala nilikuwa nikishuka kukaa nao mbele ya runinga hadi karibu na saa sita.

Mzee alikuwa amependa Star Trek tangu tulipomwonyesha filamu ya mwaka 1986, ile ambayo mabaharia wa angani wanarudi nyuma ya wakati hadi San Francisco kutafuta nyangumi wa nundu. Nyangumi wa aina hiyo hupita pwani yetu kila mwaka kuanzia Julai hivi, na mzee alikuwa na mengi ya kusema juu yao. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu: majina ya kamba, amri za usukani, vyeo vya mabaharia. Kwa hiyo nilikaa kando ya kiti chake na kumtafsiria kwa sauti ya chini, mstari baada ya mstari. Kutafsiri ndiyo riziki yangu, nyaraka za mizigo na za mahakama, na sikuona shida kuongeza saa mbili za usiku kwa ajili ya jirani.

Baada ya filamu hiyo tuliingia katika Star Trek: Discovery, tamthilia iliyoanza Septemba 2017 na ambayo wakati ule huku kwetu ilipatikana Netflix. Katika sehemu ya tano ya msimu wa kwanza kuna tukio dogo katika maabara ya merikebu ya angani. Watu watatu wanajadiliana namna ya kumpumzisha mnyama mkubwa anayeteseka kila merikebu inaporuka, kwa sababu yeye ndiye anayeiongoza katika mtandao wa kuvu uliotandaa angani. Mmoja ni Kadeti Tilly, ambaye bado yuko mafunzoni. Fikra inapomjia na ikamkaa vizuri, furaha inamshinda, na anasema kwamba jambo hili linapendeza, ila mbele ya neno la kupendeza anaweka lile neno kali la Kiingereza linaloanza na herufi F. Papo hapo anashtuka na kuomba radhi. Luteni Stamets, mkubwa wake, mtu mgumu asiyecheka ovyo, anamtazama kidogo kisha anamkubalia kwa kulirudia neno lilelile. Katika miaka 51 ya hadithi hizi lilikuwa halijasikika hata mara moja.

Nilikuwa nimekwisha kumtafsiria mzee, "Jamani, hii ni nzuri sana," niliposikia sinia ya kaimati ikiwekwa mezani kwa nguvu. Binti yake, ambaye Kiingereza anakijua kuliko mimi, alichukua rimoti akasimamisha picha. Mjukuu alikuwa akiitazama mikono yake.

"Kaka," akaniambia, "hili ndilo unalomfasiria Baba, mwezi huu?"

Kabla sijajibu, mzee aliinua mkono. "Mwache. Yeye kasema 'nzuri sana', lakini neno lenyewe nimelisikia. Hili nalijua, mwanangu. Nimelisikia Kilindini miaka thelathini, kwa Mgiriki, kwa Mfilipino, kwa Mwingereza. Lakini pale kamba imekatika, ama mtu amevunjika mguu. Huyu msichana yuwamtukana nani?"

Hakuna aliyemjibu. Akaongeza jingine, ambalo mimi naliona kuwa zito zaidi: "Tena hawa si ndio wale wa nyangumi, waliotwambia mambo haya wameyaacha?"

Usiku ule hatukuendelea na tamthilia. Nimeyachukua maswali hayo mawili ya mzee pamoja na lalamiko la binti yake, nimeyapima kwa muda mrefu, na hapa nayaeleza kwa utaratibu kwa sababu naamini yamefika kwenye kiini cha suala ambalo mashabiki wa hadithi hizi wamekuwa wakigombana juu yake tangu 2017: kama lugha chafu ina nafasi katika Star Trek.

Waliyoyaacha

Nianze na swali la pili, kwa kuwa lina ushahidi. Katika filamu ya 1986 Kapteni Kirk na wenzake wanatoka mwaka 2286, na wanapofika mitaani San Francisco jambo mojawapo linalowashangaza ni matusi. Spock, afisa wake wa karibu, anauliza kuhusu lugha ya nahodha huyo, ambayo imejaa mapambo ya ajabu tangu wafike, na Kirk anamweleza kwamba ndivyo watu wa zama hizo wanavyozungumza, kwamba mtu asiyetukana hasikilizwi. Spock anajaribu naye, na kila anapojaribu anakosea mahali pa kuliweka neno. Mambo hayo yaliandikwa ili watu wacheke, lakini ndani yake mna kauli nzito juu ya ulimwengu huo: kwamba binadamu wa karne ya ishirini na tatu wameacha matusi kama walivyoacha njaa na vita baina yao, na wakikutana nayo wanayaona kama sisi tunavyouona utumwa katika vitabu vya historia.

Discovery, kwa hesabu ya ulimwengu uleule, inatokea mwaka 2256, miaka 30 kabla ya safari ya nyangumi. Kadeti wa 2256 analijua neno, analijua uzito wake, analitumia mahali pake barabara, na anajua kwamba anapaswa kuomba radhi. Miaka 30 baadaye nahodha mwenye umri wa mtu mzima, aliyesoma chuo kilekile cha maafisa, analieleza kama desturi ya kale. Mzee hakuhitaji tarehe hizi ili kuona kwamba pana mpasuko. Aliusikia kama msikilizaji wa hadithi za kale anavyosikia pale msimulizi anapomsahau mhusika aliyemtaja jana.

Wanaoitetea Discovery wana jibu lenye nguvu, nami siwezi kulipita. Wanasema usafi wa lugha ya zamani haukuwa imani ya waandishi, ulikuwa kifungo cha sheria na cha watangazaji wa biashara. Star Trek ilianza Septemba 1966 katika kituo cha NBC, kilichorusha matangazo bure hewani, na vituo vya namna hiyo nchini Marekani vinasimamiwa na tume ya serikali ambayo Mahakama ya Juu mwaka 1978 iliithibitishia mamlaka ya kuadhibu lugha chafu hewani. Hadi leo lugha hiyo hairuhusiwi katika vituo hivyo kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Discovery ilitengenezwa kwa ajili ya huduma ya kulipia ya intaneti, ambako sheria hiyo haifiki. Kwa hiyo, wanasema, kilichobadilika mwaka 2017 ni kufuli tu, na mabaharia wale wangetukana tangu 1966 lau wangeruhusiwa. Sisi Kenya tunao mpaka unaofanana: katika runinga za hewani vipindi visivyofaa watoto hungoja hadi saa 4 usiku, na filamu hupangwa kwa umri na bodi ya serikali. Tulichokuwa tukitazama Kibokoni kilikuja kwa waya wa intaneti, kikapita nje ya mpaka huo kama jahazi linalopita nje ya mwamba.

Jibu hilo ni kweli nusu. Ni kweli kwamba runinga ilifungwa. Lakini filamu za sinema hazikufungwa na tume ile, na kati ya 1979 na 1991 zilitoka filamu sita zenye wahusika wa mwanzo. Watengenezaji wake wangeweza kuandika neno lolote waliloridhia kulilipia kwa daraja la umri, nao walichagua kubaki mahali ambapo baba angeweza kuingia sinema na mwanawe. Gene Roddenberry, aliyeibuni hadithi hii, alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia na kisha askari polisi Los Angeles. Lugha ya wanaume walio hatarini aliijua vyema, na bado akaandika merikebu ambamo watu wanaitana kwa vyeo na kwa majina, wanabishana kwa hoja, na wanapokasirika hasira inaonekana usoni. Kifungo kilikuwapo, ndiyo. Lakini ndani ya kifungo hicho mlijengwa jengo, na watu wakahamia humo wakalea watoto wao. Mtu anayekuja miaka 50 baadaye na kusema kwamba kuta zote zilikuwa za muda hajawatendea haki waliokuwa wakiishi ndani.

Hata hivyo nisiseme kwamba ulimi wa Star Trek haukuwahi kuteleza. Uliteleza mara kadhaa, na mara mbili kati ya hizo ndizo zilizonifundisha kulielewa swali la kwanza la mzee.

Ya kwanza ni ya Aprili 1967. Kirk amesafiri hadi Marekani ya miaka ya 1930, amempenda mwanamke anayewalisha maskini, kisha anagundua kwamba historia haitarudi sawa isipokuwa mwanamke huyo afe barabarani. Anamzuia daktari wake asimwokoe. Wanaporudi kwenye wakati wao, jiwe kubwa linaloongea linamwambia kwamba safari nyingine nyingi zinawezekana. Yeye hasemi lolote juu ya mapenzi wala huzuni. Anaagiza tu waondoke mahali pale, na ndani ya agizo anaingiza neno la jehanamu. Leo neno hilo halimshtui mtu yeyote. Kwa runinga ya 1967 lilikuwa kali, na lilikuwa mlango pekee ambao uchungu wa mtu yule ungeweza kupitia.

Ya pili ni ya filamu ya 1994. Data, mashine yenye umbo la mtu, ambaye kwa miaka saba ya tamthilia ya Star Trek: The Next Generation hakuwa na hisia, amewekewa kifaa cha kuhisi, na muda si mrefu baadaye merikebu inaanguka kwenye sayari. Sayari inapojaa kwenye kioo, neno linalomtoka ni lile la kinyesi. Ni kama kilio cha mtoto mchanga: hofu bado ni kitu kipya kwake.

Nilimsimulia mzee matukio hayo mawili. Juu ya la kwanza alitikisa kichwa na kusema, "Hilo lina mwenyewe." Juu ya la pili alisema hivyohivyo. Nikaanza kuelewa kwamba anapouliza "yuwamtukana nani" haulizi tu juu ya mtukanwaji. Anauliza neno lile limetoka wapi ndani ya kisa, ni mzigo wa nani, na nani anaulipia.

Tusi, neno chafu na mahali pake

Hapa ndipo lugha yetu inapoliona jambo ambalo Kiingereza kinalificha. Kwa Kiingereza neno lile limekuwa kama chumvi: hutiwa katika sifa, katika lawama, katika mshangao, na mara nyingi halimwelekei mtu. Kiswahili kimetenganisha. Tusi ni jambo analofanyiwa mtu. Haliwi tusi mpaka awepo mtukanwaji, na mara nyingi mlengwa hasa ni mamake, ambaye hata hayupo. Neno chafu ni jambo la kinywa cha msemaji, laweza kusemwa chumbani peke yake na bado likawa chafu. Apizo ni kumwombea mtu mabaya, kijembe ni kumchoma bila ya kumtaja. Mtu wa Mombasa anajua tofauti hizi bila ya kufundishwa, kwa kuwa adhabu zake ni tofauti: tusi hudai suluhu ya wazee, neno chafu hudai kukemewa tu, na kijembe hudai kijembe.

Kwa mizani hiyo, Kadeti Tilly hakumtukana mtu. Alisema neno chafu kwa furaha mbele ya mkubwa wake, akajikanya mwenyewe.

Binti wa mzee hakuridhika na uchambuzi huu nilipomweleza, akanijibu kwa methali ambayo kila mmoja wetu amelelewa nayo: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Alisema sisi hatuna utamaduni wa maneno haya, na kwamba yanaingia majumbani kwa filamu. Namheshimu sana, na juu ya mtoto yuko sahihi, lakini juu ya utamaduni nililazimika kumpinga. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, hakuwabembeleza maadui wa Mombasa. Aliwarushia tungo kali, na ukali huo ulikuwa silaha ya mji. Vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyoshindana mjini humu vilipasuana kwa nyimbo hadharani. Na mwanamke yeyote aliyehudhuria vugo la harusi anajua kwamba pale wanawake huimba mambo ambayo wangeona haya kuyanong'ona sokoni siku inayofuata. Hatukukosa maneno. Tulichokuwa nacho ni mahali pake: usiku wa harusi, duara la wanawake, shairi la kujibizana. Ukitoka kwenye duara, neno hubaki ndani.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalo jibu wala sina hadi leo: "Basi niambie, Kaka, duara la hawa wa angani liko wapi? Mbona sikuliona nilipoingia na sinia?"

Hilo ndilo lalamiko la haki kabisa. Mtu anayekwenda kwenye vugo anajua anakokwenda. Aliyewasha Star Trek mbele ya babu na mjukuu alikuwa na ahadi ya nusu karne mkononi, na hakuna aliyemwambia kwamba ahadi imebadilishwa. Kazi mpya kabisa ingesema neno lile mara mia na isimvunjie mtu heshima, kwa kuwa ingekuwa imelitangaza mlangoni. Kazi ya kurithiwa haina mlango wake peke yake. Ina mlango wa wote waliotangulia.

Waandishi wengine wa hadithi za anga walilitambua tatizo hili wakalitafutia njia. Battlestar Galactica ilijitungia neno lake la kutukania, ambalo msikilizaji analielewa kwa sauti tu. Star Trek yenyewe ilikuwa na njia hiyo tayari, kwa kuwa Waklingoni, watu wa sayari nyingine katika hadithi hizo, wana lugha iliyotungwa na mtaalamu wa isimu, Marc Okrand, aliyeichapishia kamusi mwaka 1985, na matusi yao ni ya hali ya juu. Mzee aliyafurahia sana. Aliyasema kwa sauti, na binti yake hakushika rimoti, kwa sababu matusi yale yana kwao. Naye Kapteni Picard, nahodha wa merikebu ya Data, katika msimu wake wa kwanza mwaka 1987, alitamka neno la kinyesi kwa Kifaransa, likapita katika runinga za Marekani bila ya mtu kunyanyua kichwa. Lugha ya kigeni hulinyima neno uzito, na sisi tunalijua hilo kwa uchungu: kuna vijana katika mji huu wanaotamka kwa Kiingereza, mbele ya mama zao, maneno ambayo kwa Kiswahili yasingewatoka hata kwa fimbo.

Hapo ndipo nilipotambua kosa langu la usiku ule. Niliposema "nzuri sana" nilifuta kila kitu. Tilly wangu hakuwa na sababu ya kuomba radhi, na kimya cha Stamets hakikuwa na maana. Lakini lau ningeweka tusi halisi la Kiswahili ningefanya kosa kubwa zaidi, kwa kuwa tusi letu lingemtafuta mtu wa kumwangukia, na katika maabara ile hapakuwa na mtu huyo. Kwa siku kadhaa mstari ule ulibaki wazi katika daftari langu.

Admirali na mzee

Baada ya Idi, Mji wa Kale ukiwa bado umefungwa, tulitazama Star Trek: Picard, tamthilia ya mwaka huohuo wa 2020, mimi na mzee peke yetu. Mtoto alikuwa amelala. Hilo lilikuwa sharti la mama yake, nami nililikubali bila ya mjadala. Katika sehemu ya pili Picard, sasa mzee aliyestaafu akiwa admirali, anakwenda makao makuu kuomba merikebu kwa ajili ya safari anayoiamini. Admirali Clancy, mwanamke aliye katika kiti cha mamlaka, anakumbuka jinsi alivyowasema vibaya kwenye mahojiano siku chache nyuma, na anamjibu kwamba ombi lake ni kiburi kitupu, akitanguliza neno lilelile la herufi F.

Nilitarajia mzee akasirike zaidi. Hapa palikuwa na mtukanwaji, tena mwenye mvi, mtumishi mstaafu aliyekuja kuomba. Mashabiki wengi liliwachukiza hili kuliko lile la Tilly, na mimi ni mmoja wao: Picard ni mtu ambaye kwa miaka saba alitufundisha kwamba hasira inaweza kusimama wima bila ya kupiga kelele, na kumwona akitukanwa ofisini kama mpiga debe kuliniumiza.

Mzee alinisikiliza, kisha akaniuliza nimemtafsiria vipi. Nikamwambia: "Kiburi kitupu."

"Umelipunguza. Yule mama ameshikwa na ghadhabu. Huyu aliwaacha, akawasema mbele ya watu, sasa yuwarudi kutaka chombo kama kwamba ni chake." Alikuwa anaongea kama mtu aliyewahi kusimama upande mmoja wa meza ya namna ile, ingawa hakusema ni upande upi. "Mtilie 'cha kishenzi'. Kiburi cha kishenzi."

Neno hilo si dogo huku kwetu. Pwani ambayo kwa karne nyingi iliwapima watu kwa ustaarabu na ushenzi, kumwita mtu mshenzi ni kumtoa nje ya mji. Lilitosha kabisa, na nililiandika. Juu ya haki ya admirali kulisema mbele ya mzee hatukuafikiana. Yeye aliona kwamba neno lina mwenyewe na lina sababu, basi hadithi inalibeba. Mimi bado naona kwamba waandishi walichukua njia fupi, kwamba mwigizaji mahiri angeweza kumfukuza Picard kwa kumwita "Bwana" badala ya "Admirali", na jeraha lingekuwa refu zaidi. Cheo kilichonyimwa huuma katika ulimwengu uliojengwa kwa vyeo.

Yaliyofuata

Tulifikia uamuzi wa nyumba, ambao nauandika kwa sababu ulifanya kazi. Kila tamthilia mpya ilitazamwa kwanza na mmoja wetu watu wazima, na mtoto aliambiwa wazi ni ipi si yake na kwa nini. Mama yake alikataa katakata habari ya kuficha, akisema mtoto anayefichwa husikiliza kwa masikio manne. Maneno yake yalithibitika mapema 2021, ilipotufikia Lower Decks, tamthilia ya katuni ambayo huyafunika matusi kwa mlio. Kila ulipolia, mtoto, ambaye kwa Discovery alikuwa ameinamia mikono yake, sasa alinigeukia: "Ami, hapo alisemaje?" Mlio ule ni kidole kinachoonyesha mahali pa kutazama. Neno la Tilly lilipita kwa nusu sekunde. Mlio uliuliza maswali jioni nzima.

Ni katika mojawapo ya jioni hizo ndipo mstari wangu uliobaki wazi ulipojazwa. Mtoto alikuwa na miaka 13 sasa. Tulikuwa sebuleni sote, mzee akinywa kahawa chungu, nami nikamweleza binti yake tatizo langu la tafsiri: natafuta neno ambalo msichana mwenye adabu angelitamka kwa furaha mbele ya mkubwa wake, lisimtukane mtu, lakini likishatoka ajute.

"Tamu kishenzi," akasema mtoto, haraka, kama anayejibu swali darasani.

Kikombe cha mzee kilisimama karibu na mdomo. Vijana hulitumia hivyo, nzuri kishenzi, kali kishenzi, na masikioni mwao neno limekwisha kusahau lilikotoka. Masikioni mwa mzee halijasahau. Mtoto aliuona uso wa babu yake, akaziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakapanda hadi masikioni. "Samahani, Babu. Samahani."

Mama yake alikwisha kufungua kinywa. Mzee akamtangulia, akaweka kikombe chini. "Nani kakufunza hilo?"

Mtoto akaonyesha dirisha la barabarani.

Mzee alikaa kimya kwa muda, akilitazama dirisha. Kisha akanigeukia. "Ndilo hilo. Liandike. Lakini humu ndani lisisemwe tena."

Nililiandika mbele yake. Pingamizi langu juu ya ile miaka 30 liko palepale, na naamini waandishi wa Discovery walipaswa kulijibu ndani ya hadithi. Lakini tukio lenyewe la maabara sijaweza tena kulishutumu kama nilivyolishutumu mwaka ule, kwa kuwa nimeliona likitokea sebuleni Kibokoni, na viganja viwili vikiziba mdomo.